Mwaka mmoja tangu nirudi kutoka Oman: nimekua au nimeharibika?

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Tanga mjini. Mwezi uliopita nimetimiza mwaka tangu nirudi kutoka Oman, nilikokuwa nafanya kazi za ndani huko Seeb, upande wa Muscat. Nilikaa miaka miwili na ushei. Nakuandikia kwa sababu sijielewi, na watu wa nyumbani wanasema nao hawanielewi.

Niseme mapema kwamba sikupata mateso makubwa kama wanayoyapata wengine. Mshahara wangu wa riyali 90 ulikuwa unatoka, ingawa mara nyingine ulichelewa. Pasi yangu walikaa nayo wao. Siku ya kupumzika haikuwepo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumhudumia bibi wa nyumba ile, mama mzazi wa bosi, ambaye alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alikuwa na kisukari, na baadaye akawa hawezi tena kuinuka kitandani. Nilijifunza kumpima sukari, kumchoma insulini, kumgeuza, kumkagua nyayo, kumpikia chakula chake cha peke yake. Nesi alinionyesha mwanzoni, halafu akawa ananiachia mwenyewe. Bibi alipofariki nilimlilia kama aliyemzaa mama yangu. Haikupita miezi mingi mkataba ukaisha, nikarudi.

Mama, niliondoka hapa naona haya hata kudai chenji yangu dukani. Sasa nasema. Muda wote nilipokuwa kule nilimtumia hela kaka yangu mkubwa anijengee vyumba viwili Pongwe. Nilipofika nikakuta jengo limeishia kwenye linta, na kiwanja kimeandikwa jina lake. Nikamuuliza palepale, mbele ya mama yetu, hela zangu ziko wapi, nikatoa na daftari, maana kila nilichotuma nilikiandika na tarehe yake. Alikasirika akaondoka. Tangu siku ile nimeambiwa nina dharau, nimejifanya Mwarabu, nimesahau nilikotoka. Majuzi akaja kuniomba laki tatu aongezee kwenye bodaboda. Nikamwambia sina ya kumpa. Nilikuwa nayo.

Mwanangu wa kike nilimwacha na miaka mitatu, sasa ana sita. Bibi yake ndiye anamwita mama. Mimi ananiita "mama wa Oman". Nikimkataza kitu anakimbilia kwa bibi yake, na bibi yake anampa.

Halafu kuna mambo ambayo hata sijui niyaeleze vipi. Naamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa, nadeki nyumba iliyodekiwa jana. Wenzangu wakikaa barazani kupiga soga mimi siwezi kutulia, naona kama nitaitwa. Simu ikilia nashtuka. Mtu akiniahidi saa nne akaja saa saba, naumia kupita kiasi. Shoga zangu wa zamani wameanza kunichoka. Na naona aibu kusema, lakini kuna siku naikumbuka Oman: kahawa na halwa za alasiri, visa vya bibi vya Unguja ya zamani, hata kile chumba changu kidogo kilichokuwa na kiyoyozi.

Akiba niliyorudi nayo imebaki kidogo. Asubuhi nakaanga vitumbua na sambusa, tunakula. Wakala aliyenipeleka amenipigia: kuna nafasi Muscat, riyali 120, niondoke kabla ya Ramadhani. Mama yangu anasema niende. Nikiutazama mwaka huu naona sijafanya chochote. Je, nimekua kweli, au nimeharibika tu? Na niende, au nibaki?

Aliyerudi, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole na safari, maana naona bado hujafika.

Katika barua yako umechanganya mambo ya aina mbili. Kuna uliyojifunza, na kuna yaliyokuumiza. Umerudi nayo yote pamoja, watu wanayaona kwa pamoja na kuyaita maringo, na wewe umekubali kuyabeba kwa jina hilo hilo. Ndiyo maana unaniuliza kama umekua au umeharibika, kama vile jibu lazima liwe moja. Tuyatenganishe.

Kuamka saa kumi na kudeki nyumba safi, kushindwa kukaa barazani, kushtuka simu inapolia: hayo usiyaite bidii, na yeyote asikwambie ni ustaarabu wa Uarabuni. Ni mwili wa mtu aliyeishi kwenye nyumba ambayo kazi haikuwa na saa ya kwisha. Umeniandikia kwamba hukupata mateso makubwa, na mara hiyo hiyo ukaniambia pasi ilikaa kwa bosi na siku ya kupumzika hukuwa nayo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na hayo mawili uliyoyataja kwa haraka ni miongoni mwa malalamiko makubwa yaliyomo. Namshukuru Mungu kwa yaliyokuepuka. Lakini usiyafanye madogo yaliyokupata kwa kuwa tu wenzako walipigwa. Kunyimwa siku yako ni kunyimwa haki yako, na mwili haujasahau hata kama ulimi umesamehe.

Kwa hiyo nakuagiza jambo ambalo litakuwa gumu kwako kuliko kazi: chagua siku moja ya wiki ambayo hakuna kitumbua kitakachokaangwa. Ukiamka saa kumi, swali alfajiri ikiingia, kisha urudi kitandani hata kama usingizi hauji. Jioni ukae barazani. Mara za kwanza utakaa kama mgeni, vumilia. Kama miezi inapita na usingizi bado unakatika, au moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda hospitali ya Bombo umweleze daktari, na umwambie ulikuwa wapi na ulifanya kazi gani. Usiishie kusema kichwa kinauma.

Na ujue kwamba kuona nyumbani pageni baada ya kurudi hakukuanza na wewe. Mwaka 1963 watafiti wawili wa Marekani, John na Jeanne Gullahorn, waliandika kwamba mtu anayekaa nchi ya watu huporomoka moyo mara mbili: mara ya kwanza akiwa anazoea ugeni, mara ya pili akisharudi kwao, na ndiyo maana walichora safari yake kwa umbo la herufi W. Mara hii ya pili huwauma wengi zaidi kwa sababu hakuna anayekupa pole. Aliyeko ugenini anaonewa huruma. Aliyerudi anaulizwa zawadi.

Sasa lile daftari. Mwanangu, mimi napokea barua nyingi za wanawake waliotuma hela nyumbani, na wengi wao walipofika hawakuwa na cha kushika zaidi ya maneno. Wewe, baada ya kazi ya kutwa na usiku, ulikaa ukaandika kila shilingi na tarehe yake. Huko ndiko kukua. Na siku uliyomwambia kaka yako huna ya kumpa, hukumtukana wala hukumfukuza. Umekataa kumpa hela mtu ambaye za mwanzo hajazieleza. Msichana aliyekuwa anaona haya kudai chenji asingeweza. Hilo usiliombee msamaha kwa yeyote, hata kwa mama yako.

Nitakachokulaumu ni mahali ulipoulizia. Kwa desturi zetu, kaka mkubwa akidaiwa hesabu mbele ya mama yake siku ambayo mabegi bado yapo ukumbini, anaona amevuliwa nguo, na mtu aliyevuliwa nguo hajibu swali, anatafuta pa kujifichia. Deni lake halifutiki kwa hilo. Ila kama unataka jibu, mwite mjomba au shangazi ambaye kaka yako anamheshimu, mkae kikao, uje na daftari na ujumbe wa simu wa kila muamala. Usidai hela taslimu, maana pengine hazipo. Dai maandishi: sehemu gani ya kiwanja kile ni yako, yaandikwe, mtie sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Mpaka karatasi hiyo ipatikane, usiongeze tofali hata moja Pongwe. Akikataa kabisa, Baraza la Ardhi la Kata kazi yake ni kusuluhisha mambo kama haya, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kina historia ndefu ya kuwasaidia wanawake hapo Tanga. Mwaka 2023 ilianza pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, isiyotoza ada; uliza kama bado inaendelea. Kwenda huko si kumfunga ndugu yako. Ni kumwekea mpaka ili muweze kuendelea kuwa ndugu.

Ya kusemwa kwamba umekuwa Mwarabu, yaache yapite. Watachoka.

Penye uzito ni kwa mtoto. "Mama wa Oman." Nimelisoma hilo nikanyamaza kidogo. Ninachokuomba kwanza ni usimsahihishe. Hakuiti hivyo kwa ubaya. Kwa mtoto wa umri ule, mama ni yule anayejua kikombe chake ni kipi, na kwa miaka yote aliyoweza kukumbuka, anayejua ni bibi yake. Ukimwambia "mimi ndiye mama yako wa kweli", unamlazimisha achague, na atamchagua bibi, halafu mtaumia wote watatu.

Tafuta kipande cha siku kiwe chenu ninyi wawili peke yenu, kidogo lakini kila siku. Kumwogesha jioni, au kumsindikiza shule baada ya kumaliza kuuza. Mruhusu aharibu unga wa vitumbua siku za Jumamosi. Wakati wa kulala msimulie visa ulivyosimuliwa na bibi wa Seeb, kwa sauti ile ile. Usiulize kama anakupenda, na usimnunulie mapenzi kwa zawadi, kwa sababu amekwisha zoea kwamba Oman inaleta vitu. Anachohitaji kukijua ni kwamba wewe huondoki kesho.

Kisha kaa na mama yako, mkiwa wawili, wakati mtoto hayupo. Usianze na kwamba anamdekeza. Anza kwa kumshukuru, kwa maneno kamili, kwa kulea mtoto wako katika umri wake ule. Sina hakika kama mtu yeyote ndani ya nyumba hiyo amemwambia asante kwa sauti, maana ninyi mnaotuma hela mnadhani hela imeshasema. Ukishamshukuru, mwombe akusaidie: mtoto akija kwake baada ya wewe kukataa, amrudishe kwako kwa upole. Na umuulize kwa nini anataka uende. Usikimbilie kudhani hakutaki. Huenda anahofia chakula cha mwezi ujao, huenda anahofia ugomvi wako na kaka yako uvunje nyumba, na huenda, hili halisemi, anaogopa kwamba ukibaki atampoteza mjukuu. Kila moja ya hofu hizo ina dawa yake, lakini mpaka uisikie kutoka kinywani mwake.

Kuhusu kuikumbuka Oman, usione aibu. Wewe una msiba ambao hujaukalia. Ulimuuguza mtu, ukamwosha, akafariki, na hapo Tanga hakuna hata mmoja anayemjua wa kukupa mkono wa pole. Fikiria pia alikuwa nani. Waomani wengi waliozaliwa Unguja waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na walioingia Oman walikuwa wengi zaidi tangu 1970, Sultan Qaboos alipochukua utawala na kuwafungulia mlango. Waliambiwa wanarudi kwao, ilhali wengine hawakuwahi hata kuiona nchi hiyo, na Kiarabu chao kilichekwa. Huenda bibi yako naye aliyapitia hayo. Visa vyake vya Unguja ya zamani alikusimulia wewe, kwa Kiswahili, kwa sababu wewe ungevielewa. Kama wewe ni Mwislamu, na nahisi hivyo, msomee khitma. Pika kitu kidogo, waite shoga zako wale wanaoanza kukuchoka, uwaambie ni ya nani na alikuwa mtu gani. Watajua ulikoishi kuliko ambavyo wangejua kwa picha zote za simu.

Unasema mwaka mzima hujafanya chochote. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu anayejua kupima sukari na kuchoma insulini, anayejua kwamba mgonjwa wa kitandani asipogeuzwa kila baada ya saa mbili ngozi inaoza, anayekagua nyayo za mwenye kisukari kabla kidonda hakijawa cha kukatwa mguu, huyo ana kazi mkononi. Tanga ina wazee wa kisukari na wa kiharusi kwenye nyumba ambazo watoto wao wako Dar, na wanaowatunza hawakuonyeshwa na nesi. Anza na familia moja, kwa saa chache za mchana baada ya vitumbua, kwa malipo mliyokubaliana na kuandikiana. Sindano ziendelee kuwa kwa maelekezo ya zahanati yao, usijifanye nesi. Lakini mengine yote unayaweza.

Nenda pia chuo cha ufundi cha VETA ukaulize kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa na kumpa cheti bila kumwanzisha upya. Fani zinazopimwa zina orodha yake, na mapishi yamekuwemo, kwa hiyo hata vitumbua na sambusa zako zinaweza kukufungulia njia. Kama ulimaliza kidato cha nne, uliza ofisi ya mtaa habari za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango ambao serikali iliuzindua mwaka 2024. Mafunzo yake ni ya miezi sita na wanachaguliwa na watu wa mtaa wao. Na mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo asilimia nne yake ni ya wanawake, haina riba ila inatolewa kwa kikundi, siyo kwa mtu mmoja. Tafuta wenzako waliorudi. Wapo hapo Tanga, nao wanaamka saa kumi.

Sitakudanganya kwamba yote hayo yatalingana na riyali 120. Riyali moja ya Oman ni kama dola 2.6, kwa hiyo unaitiwa zaidi ya dola 300 kwa mwezi, na vitumbua haviwezi kushindana nayo. Kama nyumba inalala njaa, sina haki ya kukukataza. Lakini kwa uliyoniandikia, nyumba inakula. Na mtoto ndiyo kwanza anaanza kuamini kwamba upo. Mimi kwa upande wangu nasema usiende Ramadhani hii. Mwambie wakala hivyo wiki hii, kwa kifupi, bila kueleza mambo ya nyumbani kwako, na usimwachie pasi yako "akushikie nafasi". Jipe miezi ya kikao cha Pongwe, ya mtoto, na ya kujaribu kazi ya wazee kwa dhati. Safari za Muscat hazitaisha.

Ikifika wakati ukaamua kwenda, nenda kama mtu mwenye daftari. Sheria mpya ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 haikuwaingiza wafanyakazi wa ndani, wana kanuni zao za pembeni, kwa hiyo mkataba wako ndio utakaokulinda zaidi ya kitu kingine. Usikubali usioweza kuusoma. Siku ya kupumzika na saa za kazi ziandikwe humo, pamoja na nani anakaa na pasi. Hakikisha wakala anatambuliwa na TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, na mkataba umepita ubalozi wetu Muscat. Nakala moja ibaki kwa mjomba, pamoja na namba ya ubalozi. Hela ziingie kwenye akaunti yenye jina lako, na ya matumizi ya nyumbani umtumie mama moja kwa moja. Na mtoto aambiwe na wewe mwenyewe, kabla ya tiketi kukatwa, unakwenda wapi na utarudi mwezi gani.